Mtwara: mji uliochorewa reli, ukajengwa na wanawake

Mgeni anayeingia Mtwara Mjini kwa mara ya kwanza hushangazwa na nafasi. Barabara ni pana na zimenyooka, halafu kati ya mtaa mmoja na mwingine anakuta mikorosho, minazi na nyasi ndefu, anadhani mji umeisha, kumbe bado. Waingereza waliuchora mji huu mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya kazi moja, kupitisha karanga. Mpango wa Karanga ulianza mwaka 1947, mapori ya Nachingwea yakafyekwa, reli ikawekwa, na bandari ya kina kirefu ikaanza kujengwa Mtwara ili shehena ipate pa kutokea. Mwaka 1951 mpango ukafa. Bandari ilikamilika 1954, karanga zikiwa zimeshashindwa zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Tukabaki na kata inayoitwa Reli isiyo na reli, na mji uliokatwa kama kanzu ya mtu mzima akavishwa mtoto.

Tangu hapo anayeizungumzia Mtwara huanza na vitu vikubwa: bandari, korosho, gesi, kiwanda cha saruji cha Msijute. Sina ugomvi na vitu hivyo. Ila ukitaka kujua nani ameijaza ile kanzu, itabidi uangalie kwingine. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 108,299 katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani. Ya 2022 ikahesabu 146,772. Watu zaidi ya 38,000 waliongezeka ndani ya miaka kumi, waliozaliwa hapa na waliohamia, na sehemu kubwa yao haikupokelewa na ramani yoyote. Walipokelewa na mama aliyeongeza chumba uani akakipangisha. Walikula kwa mama lishe aliyeinjika sufuria chini ya mkorosho kabla eneo halijapata jina la mtaa. Walichota maji kwa jirani anayeuza kwa ndoo. Hoja yangu ni kwamba Mtwara tunayoishi imepata sura yake kutokana na mizunguko ya kila siku ya wanawake, na kwamba kila tunapopanga mji bila kuipima mizunguko hiyo tunapoteza fedha na tunawatesa watu.

Tuanze na mwendo wenyewe. Mwanamume mwenye ajira ya bandarini, ofisini au kiwandani ana safari mbili kwa siku, kwenda na kurudi. Barabara za Mtwara zilichorwa kwa ajili ya safari ya namna hiyo: zinatoka kwenye makazi zinakwenda kazini, na Shangani ya wakubwa iko mbali na Majengo ya watu wa kawaida. Safari ya mama haiko hivyo. Anatoka na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, anampitisha wa mkononi shuleni, anakwenda kliniki na wa mgongoni, anarudia sokoni kuchukua nyanya na dagaa za genge lake, anaacha mahindi mashineni, anafungua genge, mchana anakimbia kuangalia mgonjwa aliyelazwa Ligula, jioni anachukua unga. Ni safari fupifupi zilizounganishwa, zinazokata mji kwa upande wakati barabara kubwa zinaukata kwa urefu.

Ndiyo maana nafasi zile zilizoachwa na wakoloni zina njia za miguu kila mahali. Njia hizo zina utaratibu wake. Kwanza inapita miguu, nyasi zinalala. Halafu baiskeli. Halafu bodaboda anagundua kwamba akipita hapo anaokoa mafuta, na abiria wake wengi ni akina mama wenye mabeseni. Kwenye njia panda ya njia hizo mtu anaweka meza ya genge, wa pili anakaanga mihogo, wa tatu anauza maji na vocha, na jioni pana watu. Miaka inapita, serikali ya mtaa inaomba greda, greda likija linafuata njia ile ile. Ukipita Magomeni au Kiyangu ukauliza kwa nini barabara ya mtaa imepinda vile na haikunyooka kama za mkoloni, jibu liko miguuni mwa akina mama waliotangulia kupita.

Katika Mpango wa Miji ya Kimkakati, uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia na kuihusisha Mtwara-Mikindani pamoja na miji mingine kama Tanga, Mbeya na Kigoma-Ujiji, tulipata lami, taa za barabarani na mitaro mikubwa ya maji ya mvua. Ni kazi nzuri na ninaithamini. Anayekumbuka mvua za masika kabla ya mitaro hiyo hawezi kuibeza. Lakini angalia vilivyotokea baadaye. Taa zilipowaka, wanawake wakahamia chini ya taa. Samaki wa kukaanga, chapati, uji na chai vikaanza kuuzwa hadi saa nne usiku mahali ambapo zamani saa moja kila mtu alikuwa ndani. Hakuna aliyeandika kwenye mchoro kwamba nguzo hii itazaa soko la usiku. Upande wa mitaro mambo yakawa kinyume. Mtaro wenye kina umepita katikati ya njia waliyozoea, na kivuko cha zege kiko mbali, kwenye barabara ya magari. Matokeo yake kila baada ya hatua kadhaa kuna ubao. Mwenye genge ameununua mwenyewe, ameulaza juu ya mtaro ili mteja avuke, na ubao ukioza ananunua mwingine. Mjamzito anavuka hapo, mtoto wa darasa la kwanza anavuka hapo, bibi mwenye ndoo kichwani anavuka hapo. Vivuko vile vya mbao ndivyo takwimu tulizokuwa tunazitafuta: kila kimoja kinamwonyesha mhandisi mahali ambapo kalvati ilitakiwa kuwepo tangu siku ya kwanza, na ameonyeshwa bure.

Mikindani jambo hili liko wazi zaidi. Wenyeji wa ghuba ile wana saa nyingine mbali na ya ukutani. Kipindi cha bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya pwani yetu hukupwa sana asubuhi, kuelekea saa nne na saa tano. Hapo utawaona wanawake wakishuka kwa makundi, kanga zimekazwa kiunoni, ndoo kichwani, mkononi chuma cha kuchokolea pweza au kipande cha jembe cha kufukulia chaza. Wanainama kwa muda mrefu, mgongo juu, vidole matopeni, wakisoma tundu dogo ambalo wewe na mimi tungelipita. Kila siku maji hukupwa yakichelewa kwa takribani dakika 50 kuliko jana, hivyo ratiba ya mwanamke huyu haiwezi kufanana wiki hii na wiki ijayo. Akitoka majini anatakiwa akute daladala au bajaji ya kumfikisha Mtwara Mjini, kilometa kama kumi hivi, kabla pweza hajapoteza thamani.

Sasa linganisha na saa za mji rasmi. Kliniki ya watoto ni asubuhi. Mkutano wa hadhara wa mtaa huitishwa asubuhi. Wataalamu wakija kukusanya maoni ya wananchi kuhusu mradi, ni saa nne asubuhi, chini ya mwembe, na kalenda ya mwezi hakuna aliyeiangalia. Siku ya bamvua nusu ya wenye kuijua pwani hawapo, wako majini, halafu ripoti inaandikwa kwamba mwitikio wa wanawake ulikuwa mdogo. Hili linaniumiza, kwa sababu maamuzi yanayofikiwa kwenye vikao hivyo ndiyo yanayohusu ufuo wao. Kila kiwanja cha ufukweni kinapozungushiwa ukuta bila kuacha kichochoro cha kushukia baharini, mji umemfungia mtu mlango wa shamba lake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa bahari zilindwe dhidi ya shughuli zinazoweza kuharibu mazingira. Tukiisimamia ipasavyo, pamoja na vichochoro vya kushukia vilivyochorwa na kuandikwa kwenye ramani ya viwanja, tunalinda mikoko na tunalinda kitoweo cha watu kwa pamoja.

Tuondoke pwani tuingie uani, kwa sababu uani ndiko kiwanda kikubwa cha Mtwara kilipo. Serikali ilijenga viwanda 12 vya kubangua korosho nchini, vingi vikiwa huku kusini, kwa mikopo mikubwa na mitambo ya kigeni, na wengi wa waliokaa kwenye meza za kubangulia walikuwa wanawake. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 vingi vilikuwa vimelala. Korosho ghafi ikaendelea kusafirishwa kwenda India, na siku hizi Vietnam nako, ili ibanguliwe huko na mikono ya wanawake wengine. Lakini ubanguaji wenyewe Mtwara haukufa. Ulihamia nyuma ya nyumba.

Ingia uani saa za asubuhi uone. Bati au debe lililotobolewa liko juu ya mafiga, korosho ghafi zimemiminwa, moto mkali. Baada ya muda ganda linatoa mafuta, mafuta yanashika moto, moshi mweusi unapanda, na mama anakoroga kwa mti mrefu huku amegeuza uso pembeni maana moshi ule unachoma macho na kifua. Zikiiva zinamwagwa mchangani, zinagaragazwa ili mafuta yanywewe na mchanga. Hapo wanakaa kwenye vigoda, mama, binti zake na jirani, kila mmoja na kijiti au jiwe lake. Pigo moja tu, tena la kipimo, kwa sababu ukizidisha koko inapasuka, na koko iliyopasuka bei yake ni nyingine. Vidole vinabaki vyeusi wiki nzima, ngozi inababuka. Nzima zinafungwa kwenye vipakiti vya kuuza stendi, vipande vinakwenda kwa wapika kashata. Msimu wa mabibo kuna kazi nyingine tena, ya kuanika kochoko, yaani mabibo makavu. Na miezi ya njaa kali ya fedha, kabla korosho mpya hazijaanza mnadani Oktoba, uani huo huo unachemsha ming'oko, mizizi ya porini, ya kuuza barabarani na chumvi na pilipili.

Kwenye ramani ya mipango miji pale pameandikwa makazi. Neno hilo linamaanisha mahali pa kulala na kula. Kwa hiyo kiwanja kinapimwa kidogo, uani unabaki kiduchu, maji hayakadiriwi kwa ajili ya kazi, na moshi hauna pa kutokea ila dirishani kwa jirani mwenye mtoto wa pumu. Kisha afisa afya anakuja kupiga faini. Ningependa tumwangalie mama huyu kama tunavyomwangalia mwekezaji: tumuulize anahitaji eneo kiasi gani, banda la pamoja la kukaangia liwe wapi ili moshi usiwaumize watu, maji yafike vipi. Mwekezaji wa kutoka mbali tunampa kiwanja, barabara na umeme kabla hajatia mguu.

Suala la nyumba lenyewe huku kwetu lina mizizi ya pekee. Wamakonde, Wamakua na Wayao ni watu wa ukoo wa mama. Mtoto alihesabiwa kwa akina mama yake, mjomba ndiye mwenye kauli, na desturi ya zamani ilimtaka mume ahamie kwa watu wa mke. Mambo yamebadilika sana, dini na shule na mji vimechanganya desturi, lakini limebaki jambo moja ambalo wenyeji wanalijua: mwanamke wa kusini huona aibu kuzeeka bila kibanda chake. Atachangia mchezo wa upatu miaka, siku kijumbe akimkabidhi fedha ananunua matofali, mwaka ujao bati. Nyumba inapanda kwa chumba kimoja kimoja. Ikifika vyumba vinne, viwili ni vya kupangisha. Enzi ya msisimko wa gesi, kuanzia mwaka 2011 hivi, wageni walipofurika na kodi zikapanda, wengi wa wafanyakazi wa kawaida hawakulala hotelini, walilala kwenye vyumba hivyo vya uani. Msisimko ulipopoa vyumba vikabaki vitupu, na waliobeba hasara hiyo ni wao. Sikuona popote ikihesabiwa kama hasara ya sekta ya gesi.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, Na. 4, na mwenzake Na. 5 ya ardhi ya vijiji, zimempa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Kwenye karatasi tuko vizuri. Hatari iko kwenye urasimishaji wa makazi, mpimaji anapofika mtaani na fomu yenye nafasi ya jina la mwenye kiwanja. Anauliza baba yuko wapi. Akiwepo, jina ni la baba, hata kama kila tofali limetoka kwenye mchezo wa mama. Ninawaomba wenyeviti wa mitaa, wao ndio wanaojua nani alijenga nini, wasinyamaze pale fomu inapojazwa. Majina mawili yanaenea kwenye hati moja.

Kuhusu nishati nitasema machache, japo linaudhi. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, na tangu 2015 inasukumwa kwa bomba kutoka Madimba hadi Dar es Salaam, ng'ambo ya Rufiji. Nyumba za Mtwara zilizounganishwa na gesi hiyo kwa ajili ya kupikia ni chache mno. Mama anayebangua korosho kilometa chache kutoka kwenye mitambo ya kuchakata gesi anapikia mkaa na kuni za mkorosho, na saa anazotumia kuzitafuta ni sehemu ya ile mizunguko ya mji niliyoieleza. Mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa ifikapo 2034. Sehemu ya kwanza ya kuonyesha kwamba lengo hilo lina ukweli ni mitaa iliyo jirani na chanzo.

Najua nitajibiwa kwamba manispaa haina fedha, kwamba wanawake wana viti maalumu kwenye baraza la madiwani, na kwamba asilimia 10 ya mapato ya ndani imetengwa kwa mikopo, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024, na katika pengo hilo kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa, walivuna sana mitaani kwetu. Ni jambo jema kwamba imerudi. Lakini mkopo unampa mama mtaji wa kununua samaki. Haumjengei kalvati, haumfungulii kichochoro cha kwenda baharini, haumwekei choo cha sokoni kinachofungwa kwa ndani. Hayo ni mambo ya mchoro na bajeti ya ujenzi, na viti vya madiwani wanawake vitakuwa na uzito siku watakapouliza swali hilo kwenye kila mradi wa barabara: nani anapita hapa, saa ngapi, amebeba nini?

Miji mingine imewahi kuuliza. Huko Vienna, Austria, mwaka 1997 ulikamilika mtaa wa nyumba 357 uliosanifiwa na wanawake baada ya manispaa kutaka kujua kwanza siku ya mama inakwendaje. Walipata chekechea ndani ya mtaa, mahali pa kuweka vigari vya watoto, na madirisha yanayomwezesha mtu wa jikoni kumwona mtoto anayecheza nje. Nyumba ya Kiswahili yenye uani na kibaraza ina akili hiyo hiyo tangu zamani: jikoni linaona uani, kibaraza kinaona mtaa, na mtoto wa jirani hapotei. Tunachokosa Mtwara ni mtu mwenye mamlaka ya kuchora kukubali kwamba akili hiyo ni utaalamu.

Kwa hiyo kabla ya kugusa Mpango Kabambe wa mji unaofuata, manispaa iwatume vijana wa mipango miji watembee. Wiki mbili zinatosha, kutoka bamvua hadi bamvua, ili saa zote za maji zipatikane. Iwapange kwa mitaa: wengine Chikongola, wengine Magomeni, wengine Naliendele. Waandike kila njia ya mguu yenye upana wa kupita beseni, kila ubao uliolazwa juu ya mtaro, kila taa yenye biashara chini yake, kila uani wenye debe la kukaangia. Wasiwaite akina mama ofisini, wawafuate. Na waanzie Mikindani, mwezi ukiwa mpevu, saa tatu asubuhi, wakiwa na viatu vya kulowana.